Haki ya Mngoja

Kisanamu cha Mngoja kilikuwa kimegeuka.

Shangazi alikiweka mwenyewe katikati ya meza, meno yakiwatazama wachezaji kama siku zote, akaenda nyuma kunawa mikono. Aliporudi akijifutia maji kwenye gauni, meno yalikuwa yanamtazama yeye.

"Nani kachezea zimwi langu?"

"Zimwi lenyewe nani alitake," akajibu wifi yake, mke wa kaka yake, huku anajipangia kokoto kwenye kisahani. "Mimi hata kuligusa sitaki. Lina jasho."

"Mti hauna jasho, wifi."

"Haya, shika uone."

Shangazi hakushika. Alikisukuma kwa ncha ya penseli mpaka kikawaelekea wenzake, akajitupa kwenye kiti chake.

"Limechoka kukaa na sisi, dada," kaka yake akasema. Huyu ndiye seremala, mwenye karakana, mtu wa mabega makubwa na utani mdogo. "Hata mimi kuna sura nimeichoka, sema siwezi kugeuzwa na penseli."

Mke wake akamrushia kokoto. Binti yao akacheka mpaka akakohoa, na Shangazi, bila kujijua, akatega sikio kusikiliza kikohozi kile kina urefu gani.

Ilikuwa Jumapili mchana, karakana imefungwa, mvua inachapa mabati. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni watu wazima kukaa mezani na kudanganyana kwa hiari. Mmoja anasimulia: mko msituni, mbele yenu kuna pango, ndani ya pango kuna kitu kinapumua. Wengine kila mmoja ana shujaa wake, kisanamu cha mti kirefu kama kidole gumba, na anasema shujaa wake anafanya nini. Ikija hatari hakuna kubishana: inatupwa dadu yenye pande ishirini, na dadu ndiyo inayosema nani kapata na nani kakosa. Kila shujaa ana kokoto zake, ndio uhai wake. Zikiisha amekufa, kisanamu chake kinatiwa kwenye kopo la misumari mibovu, mwenyewe anachonga mtu mwingine. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini ungelimwaga lile kopo ungekuta misumari mitupu.

Maana msimulizi alikuwa Shangazi, na Shangazi alikuwa mwongo.

Mbele yake alisimamisha kipande cha ubao, urefu wa kiwiko. Dadu za maadui alizitupa nyuma ya ubao huo, akazisoma peke yake, akatangaza alichotaka. Akipigwa Mngoja, zimwi la shimoni, alitangaza kwa mbwembwe na kuondoa kokoto zake mbele ya watu wote. Mngoja akipiga yeye, tena akimpiga Binti, hapo ndipo uongo ulipoanza. "Amekukosa kwa unywele." "Umechubuka tu kiwiko." "Umeteleza, kucha zake zimepita juu."

Sababu haikuwa ngumu kuijua kwa anayemjua msichana yule. Binti alizaliwa na kifua kibovu. Utoto wake ulikuwa wa kubebwa hospitali akiwa amegeuka rangi ya majivu, na aliyembeba mara nyingi alikuwa Shangazi huyu, hana mume, hana mtoto, ana mgongo mpana na mdomo mpana zaidi. Sasa msichana mzima, anashona vitambaa vya makochi hapohapo karakana na ulimi wake umeshakomaa. Lakini Shangazi hakuweza kumtazama usoni akamwambia, hata kwa mchezo, umekufa.

Matokeo yake ni kwamba mashujaa wale wakawa na kiburi cha watoto wa tajiri. Wakiambiwa pango lina mifupa mlangoni, wanaipiga teke. Wakisikia kitu kinanguruma, wanakiuliza kimekula nini. Hawakuogopa chochote, kwa nini waogope?

Meza ilikuwa mlango. Seremala aliununua kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa, mti mweusi mzito wa zamani, na aliyemuuzia alimsaidia kuubeba mpaka barabarani na hakutaka hata kubembelezwa bei. Seremala aliukata kidogo upande mmoja, akaulaza juu ya miguu minne, na kile kipande kilichobaki akakichonga kuwa Mngoja. Patasi mbili zilipoteza makali. Mwenye akili angejiuliza. Yeye alisema, "Mti wa siku hizo, bwana."

"Haya," Shangazi akaanza, na sauti yake ikashuka. Hapo lazima tumpe sifa yake: alijua kusimulia. "Mmeshuka ngazi mpaka chini. Mwenge unapungua. Mbele yenu ni shimo lake, na harufu inayotoka humo..."

Akanyamaza, kwa sababu harufu ilikuwepo. Siyo vanishi, siyo gundi. Ilikuwa harufu ya mti mbichi uliochomwa moto ukakataa kuwaka.

"Baba, umeacha pasi?" Binti akauliza.

"Karakana ina pasi?"

"Sijui, nanusa tu."

Seremala akageuza shingo kuangalia mashine zake. Zote zimezimwa. Wakati anageuka, macho ya Shangazi yakatua kwenye stuli ya tano, ile isiyo na mtu, upande wa pili wa meza. Ilikuwa imefunikwa na unga wa mbao tangu juzi, hakuna aliyejisumbua kuifuta. Sasa katikati ya unga ule kulikuwa na shimo la duara, laini, kama alama inayobaki mtu mzito akikaa. Na alama ile ilikuwa inaendelea kuzama.

Akajiambia ni mvua, bati linavuja. Watu hujiambia mengi.

"Mimi naingia mbele," Binti akasema, akisukuma kisanamu chake, mpiga upinde mwenye kofia. "Namwambia Mngoja atoke, leo nataka ngozi yake nishonee kochi."

Shangazi akatupa dadu nyuma ya ubao. Ishirini.

Ishirini ni kifo. Haina maelezo mengine, kokoto zote zinaondoka kwa mpigo. Akaitazama dadu, akamtazama Binti, akatabasamu. "Amekukosa. Kucha zake zimekwangua ukuta."

Chini ya meza pakagongwa mara moja.

"Nani huyo anapiga teke?" Wifi akauliza.

Wote walikuwa wamekunja miguu kwa baridi. Shangazi akaishika dadu aitie mkononi, nayo ikamponyoka kama sabuni, ikapanda juu ya ubao, ikaanguka upande wa wachezaji, ikazunguka polepole mbele ya macho yao na kusimama. Ishirini.

"Nilimpata," ikasema sauti.

Kila mmoja aliijua. Ni sauti ambayo Shangazi alimtengenezea Mngoja tangu mwanzo, ya kooni, ya kukwaruza, kama msumeno unapokutana na fundo.

"Wifi, acha hizo," mke wa seremala akanong'ona. "Leo sipendi."

Shangazi alikuwa amebana midomo mpaka imekuwa myeupe.

"Nilimpata," sauti ikarudia, na mdomo wake haukutikisika. "Ishirini kavu. Na wewe ukasema nimemkosa."

Kwenye kisahani cha Binti kokoto moja ikapasuka katikati. Msichana akashika kifua. Akavuta hewa, ikaingia na mluzi ule wa zamani ambao nyumba ile ilidhani imeshausahau. Mama yake akamtolea pampu ya dawa kwenye mfuko, akaitikisa, akambana nayo mdomoni, akabonyeza. Kilichotoka hakikuwa dawa. Kilikuwa unga wa mbao, mkavu, mweusi, na Binti akautema juu ya meza huku macho yamemtoka.

"Nje!" seremala akaruka. "Wote nje, twende hospitali!"

Akavuta komeo la mlango wa karakana. Komeo lilifunguka vizuri kabisa, ila mlango haukuja. Akaweka bega, akaweka mguu, mlango ukakaa kama ukuta. Basi akachukua bisibisi, maana mlango ule aliutengeneza mwenyewe na alijua kila parafujo yake, akazing'oa bawaba moja moja, akaubeba mlango mzima na kuuegemeza pembeni. Nyuma yake palikuwa na mlango. Ubao uleule, fundo lilelile la mti lenye umbo la sikio, mkwaruzo uleule alioufanya mwaka jana akiingiza kabati. Akaung'oa na huo. Nyuma yake palikuwa na mlango. Na nje, karibu kabisa, ng'ambo ya sijui milango mingapi, walisikia mvua ya mtaani, na pikipiki ikipita kwenye dimbwi, na mwanamke akimgombeza mtu kuhusu nguo zilizoachwa kwenye kamba, maisha ya watu yakiendelea kana kwamba karakana ile haijawahi kujengwa; wakapiga kelele wote watatu wenye pumzi ya kupiga kelele, wakaita jirani kwa jina lake la utani na la heshima, na yule mwanamke hakuacha hata kidogo kugombeza.

"Kaeni," sauti ikasema. "Mchezo haujaisha."

Wakakaa. Ungefanya nini?

Seremala akamgeukia dada yake. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Dada. Ilikuwa ishirini?"

Shangazi akainamia ubao wake.

"Nakuuliza wewe."

"Ilikuwa ishirini."

"Na siku ile ya darajani?"

"Hata ile."

"Na kule mnarani? Nilipofika na shoka nikamkuta mtoto anacheka?"

"Usiniulize moja moja, kaka. Zote."

Binti akainua kichwa kutoka kwenye bega la mama yake. Maneno yakamtoka vipande vipande. "Kwa hiyo... mimi... sijawahi kushinda? Hata mara moja?"

Hilo lilimchoma Shangazi kuliko milango yote. Alidhani anamkinga msichana, kumbe alimnyang'anya na ushindi. Lakini hakukuwa na nafasi ya kulialia, kwa sababu kokoto ya pili ilikuwa imepasuka, na mluzi kifuani ulikuwa umepanda juu.

"Wewe ni nani?" akaiuliza stuli.

"Unaniuliza jina ulilonipa mwenyewe? Nilikaa kwenye mlango huu tangu uliposimama kwenye nyumba yenye watu. Kungoja ndiyo kazi yangu. Ukanipa meno. Ukanipa sauti. Ukaniita kila Jumapili nije niue, nikaja. Nikiumizwa unatangaza. Nikiua unaficha. Hata mbwa wa kulinda geti hutupiwa mfupa." Unga kwenye stuli ukazama zaidi. "Sasa nachukua nilichokipata."

"Nichukue mimi."

"Wewe sijakupiga. Sichukui nisichokipiga. Mwongo humu ndani ni mmoja tu."

Seremala hakungoja zaidi. Alikamata nyundo kubwa, akaiinua kwa mikono miwili aipasue meza, na kabla haijashuka kokoto zake tatu zikapasuka pamoja, akajikunja kama mtu aliyepigwa rungu tumboni, nyundo ikaanguka kwenye maranda. Mke wake akamvuta kwa shati. "Kaa chini, baba Binti, utatumaliza! Kaa!"

Akakaa, anahema. Shangazi aliwatazama. Kaka yake mdomo wazi, wifi yake anamsugua mtoto mgongo kwa mkono mmoja na mumewe kwa mwingine, Binti ameanza kupata ile rangi ya majivu. Njia ya kwanza iliyomjia ilikuwa ya uongo, kama kawaida yake: aitupe dadu tena, aifunike na kiganja, aseme moja. Mkono ulikwisha kunyooka. Akaurudisha.

"Una haki," akaiambia stuli.

"Najua."

"Ngoja nimalize, hujui hata kungoja na jina lote hilo. Una haki kwa nilivyokuficha. Sasa nikuulize. Hawa watu uliwaonya?"

Unga kwenye stuli haukusogea.

"Nakuuliza, uliwaonya? Kitu kinachoua lazima kionekane kinaua. Mtu aone mifupa, ajue ni mifupa ya nani. Asikie harufu, ajue akiingia anaingia wapi, halafu achague mwenyewe, kuingia au kurudi. Akichagua vibaya, shauri yake, hata mimi simlilii. Hawa hawakuchagua. Waliingia kwako wanapiga miluzi kwa sababu mimi niliwazoesha kwamba humu hakuna anayekufa. Niliwafumba macho, wewe ukapiga waliofumbwa macho, sasa unajisifu ishirini kavu. Hiyo ndiyo haki unayoitaka? Hiyo ni kuokota."

Bati lilinyamaza. Mvua ilikuwa bado inanyesha, waliiona kwenye kioo kidogo cha juu, ila sauti yake ilikuwa imeondolewa. Kila walichosikia ni kifua cha Binti.

"Kosa ni lako," Mngoja akasema mwishowe.

"Ni langu. Kwa hiyo tunarudi juu ya ngazi, kabla hawajaingia. Unawaambia unavyoua, usiache kitu. Wanachagua. Dadu inatupwa hapa katikati, mbele ya kila mtu, na itakavyosema mimi siigusi. Ukiwapata, umewapata. Wakitoka pangoni, wachezaji wote wanatoka humu ndani, na hakuna unachomdai mtu."

"Wachezaji wote," sauti ikakubali.

Ilikubali haraka, kama mnunuzi anayeitikia bei kabla hujamaliza kuitaja. Shangazi aliusikia ule uharaka, ukamkaa mahali fulani nyuma ya shingo. Lakini kifua cha msichana kilikuwa hakimpi mtu muda wa kuchambua maneno. Akauchukua ule ubao wake wa kujifichia, akauvunja gotini, akavitupa vipande kwenye maranda.

"Onya," akasema.

Ikaonya. Haikuongeza mbwembwe wala haikupunguza.

"Sioni. Nasikia pumzi. Namkamata anayehema kuliko wenzake. Nikimkamata sitafuni wala sikati. Nafunga tu, kama mlango, na aliye ndani hatoki. Anayekimbia atupe dadu. Kumi na zaidi ametoka. Chini ya kumi ni wangu. Mwepesi anatupa mara mbili, anachukua iliyo kubwa. Mnyonge anatupa mara moja. Wakishikana mikono wanakwenda kwa mwendo wa mnyonge wao, dadu moja kwa wote."

"Mimi napigana," seremala akasema. "Shujaa wangu ana shoka, anasimama mlangoni, hawa wapite."

"Baba." Binti alifunga macho akitafuta hewa ya kusemea. "Tumeonywa. Usijifanye hukusikia."

Kwa mara ya kwanza tangu waanze mchezo ule, seremala akakitazama kisanamu cha Mngoja kama kitu kinachoweza kumuua. Akaliweka shoka chini. Yaani alikiinamisha kisanamu chake mpaka shoka likagusa meza. "Haya. Tunakimbia."

Sasa shujaa wa Wifi alikuwa mwizi, mwepesi wa miguu. Miaka yote walimcheka kwa hilo: likitokea jambo, wa kwanza kujificha ni yeye, na nyumbani ni hivyohivyo, akiona mende anapanda kiti. Sauti ikamgeukia, ikawa karibu ya upole. "Wewe una mara mbili. Ukikimbia peke yako, unatoka."

"Nimesikia."

"Wewe na mumeo mnaweza kutoka. Aliyekwisha kukamatwa ni huyu."

Wifi alikuwa anatetemeka mpaka kisahani kinalia mezani. Akakichukua kisanamu chake, akakiweka ubavuni mwa kile chenye kofia, vikagusana. Kisha akakivuta na cha mumewe, akakibana upande wa pili.

"Tunashikana mikono," akasema. "Dadu moja. Na usiniite tena na hiyo sauti yako ya kubembeleza, mimi si mke wako."

Dadu akapewa Binti, maana mnyonge ndiye mtupaji. Shangazi akaweka mikono yake nyuma ya kiti, akaishika moja kwa nyingine. Msichana alitupa kwa nguvu aliyobaki nayo, na nguvu yenyewe ilikuwa ndogo. Dadu ikaviringika juu ya mti mweusi, ikapita kokoto, ikapunguza mwendo, ikagonga mguu wa kisanamu cha Mngoja, ikapanda kidogo na kukwama hapo, upande mmoja juu ya meza, upande mwingine umeegemea kucha za zimwi.

Kumi na saba.

"Kumi na saba!" Seremala alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Kumi na saba! Fungua! Fungua mlango wako, shetani wewe!"

Wifi alishaanza kulia kwa furaha, ameshamwinua mtoto kwapani. Sauti haikujibu kitu. Haikukataa, haikukubali. Shangazi akaitazama stuli, akauona unga umetulia tuli, na ndipo alipoelewa Mngoja anangoja nini. Alikuwa hangoji dadu. Alikuwa anamngoja yeye.

Kwa sababu sheria ya meza ile aliiweka Shangazi mwenyewe siku ya kwanza, kabla hajaanza uongo: dadu iliyoegemea haihesabiwi, hata ikisema nini. Aliwahi kuitumia sheria hiyo kumfutia Mngoja mapigo mazuri, moja baada ya jingine, na siku hizo hakusema uongo, dadu iliegemea kweli. Sasa ilikuwa imeegemea. Akisema kumi na saba ni kumi na saba, atakuwa amedanganya mezani, hadharani, na makubaliano yote yatavunjika kwa mkono wake. Na akisema rudia, atakuwa amemnyang'anya mtoto yule, aliyembeba mgongoni, aliyemsikiliza akipumua kila siku ya maisha yake, uhai ambao tayari ulikuwa umelala pale juu ya meza, mweupe, umeandikwa, kila mtu anausoma.

Mluzi kifuani mwa Binti ukakatika, ukarudi, ukakatika.

"Imeegemea," Shangazi akasema. "Rudia."

"Nini?" Kaka yake alimtazama kana kwamba hamjui. "Umesema nini wewe?"

"Imeegemea, kaka. Haihesabiwi."

"Mwanamke una wazimu! Maisha yote umemdanganyia mtoto huyu, leo, leo hii ndiyo unajifanya mkweli?"

"Wifi, nakuomba," mke wake akalia. "Wifi, nakupigia magoti, nyamaza tu, wewe nyamaza tu..."

Aliyewanyamazisha ni Binti. Alinyoosha mkono, midomo imekuwa ya bluu, akaichukua dadu kutoka kwenye kucha za zimwi. Hakuwa na hewa ya kusema. Alimtazama tu shangazi yake, na kwenye macho yale hamkuwa na lawama wala msamaha. Alikuwa mchezaji anayemtazama msimulizi kabla ya kutupa. Akatupa.

Dadu ilikwenda mbali. Ilikwenda mpaka ukingoni, pale seremala alipokata mti, ikayumba, ikaonyesha mbili, ikaonyesha tano, ikajigeuza mara ya mwisho kivivu na kulala chali, bila kugusa kitu chochote.

Shangazi alipaswa kuisoma.

"Kumi na moja."

Mlango wa karakana ukafunguka wenyewe, kwa ndani, na mvua ikaingia na sauti yake yote. Seremala alimbeba mwanawe kama gunia la maranda, Wifi akashika mkono wake uliokuwa unaning'inia, na wakatoka hivyohivyo, wameshikana, mpaka barabarani kwenye matope. Shangazi alikuwa nyuma yao hatua mbili. Alinyoosha mkono kuugusa mgongo wa wifi yake, na mkono ukagusa ubao. Fundo lenye umbo la sikio lilikuwa mbele ya pua yake.

Hakuupiga. Aliegemeza paji la uso pale.

"Wachezaji wote," Mngoja akasema nyuma yake. "Mchezaji ni mwenye kisanamu. Wewe chako kiko wapi?"

"Nilijua ulikubali haraka."

"Basi ungeuliza."

"Sikuwa na nafasi."

Ng'ambo ya mlango, Binti akapiga kelele. "Shangazi! Toka! Shangazi, mbona huji?" Mara akapigana na mlango, mara akamwita baba yake alete nyundo, mara akaita tena, sauti ndefu, nene, ya mtu mwenye mapafu mawili mazima. Shangazi akatega sikio. Alisikiliza kelele ile kwa makini kama alivyosikiliza kikohozi chake miaka yote, mwanzo wake, katikati yake, mwisho wake. Haikuwa na mluzi hata kidogo.

Polepole ikaanza kwenda mbali. Msichana hakuondoka; aliendelea kuita palepale, lakini milango ilikuwa inaongezeka.

Shangazi akageuka. Karakana ilikuwa ileile, randa mahali pake, misumeno ukutani, isipokuwa kile kioo kidogo cha juu, ambacho sasa kilikuwa ubao. Akaokota kipande cha mti laini kwenye maranda, akachagua patasi yenye makali, akakaa kwenye kiti chake na kuanza kuchonga. Mgongo mpana kwanza.

"Inaruhusiwa?" akauliza bila kuinua macho.

"Inaruhusiwa. Ukimaliza utatupa dadu yako."

"Na utanionya sawasawa. Ukificha hata kidogo nakuvunja meno, nayajua yalivyochongwa."

"Nitakuonya sawasawa." Stuli ikakwaruza sakafu, ikasogea mpaka magoti yao, kama kitu kile kilikuwa na magoti, yakakaribia kugusana. "Wale watatu niliwaambia ninavyoua watu walio pamoja. Aliye peke yake namuua kwa namna nyingine. Sikiliza."

Ikaanza kumweleza, taratibu, kwa ile sauti aliyoitengeneza mwenyewe, haikuongeza mbwembwe wala haikupunguza. Shangazi akasikiliza. Alipofika kwenye kuchonga mdomo, patasi ilikuwa haikai tena mkononi.